Jina la Mgongoni

Kwa mara ya tatu msimu ule, mtoto wa Wagiman alianguka uwanjani bila kuguswa na mtu.

Rumiyati, mama yake, aliyaona yote kwenye runinga, sebuleni kwake, kisu mkononi na sinia la maharage mabichi mapajani. Seno aliingizwa dakika ya sabini. Dakika ya sabini na nne akapata mpira pembeni kulia, mbele yake beki mmoja tu, tena aliyechoka hoi. Hata beki mwenyewe hajamfikia, goti la Seno likakunjika, kijana huyo chini, kakumbatia mguu. Uwanja mzima wa Kediri ukaangua kicheko. Afadhali wangezomea. Halafu jukwaa la kaskazini likaanza kuimba, na wimbo ukafika mpaka sebuleni waziwazi: "Leteni baba! Leteni baba!"

Baba mwenyewe alikuwa jukwaa kuu, na kamera, kama ilivyo ada yake, ikamtafuta. Wagiman, miaka hamsini na mbili, kitambi kidogo, miwani ya jua, midomo imebana. Mtoto anatolewa kwa machela, mtangazaji anasimulia bao la baba la fainali ile ya zamani, lilivyopigwa kwa kisigino, kipa alivyobaki ameduwaa.

"Mtoto anaumwa, wewe unatusimulia mabao ya baba yake!" Rumiyati alimfokea mtangazaji. "Huna haya?"

Mama mkwe wake, Mbah Suminah, bibi yake Seno, alikuwa kwenye kiti cha nyuma, miguu haigusi sakafu kwa ufupi wake.

"Zima," alisema. "Mimi ugonjwa wake nimeshaujua."

*

Picha za goti zilirudi safi, kama zile za mwanzo na zile za pili. Daktari wa klabu yao, Elang Brantas, alizishika juu ya taa, akazigeuza, akasema misuli mizuri, mifupa mizuri, kijana apumzike tu. Rumiyati aliitikia kwa kichwa kwa adabu lakini moyoni hakuridhika, kwa sababu alikuwa na jambo analolijua na hakuwa amemwambia mtu. Mara nyingi alikuwa akimpelekea Seno chakula mazoezini. Kule wanavaa fulana za rangi ya machungwa, hazina namba wala jina, na kule Seno huwapita watu mpaka kocha anacheka peke yake. Goti halijawahi kumwuma siku ya mazoezi hata moja. Linamwuma akivaa jezi, ile yenye WAGIMAN mgongoni kwa herufi kubwa.

Mbah Suminah hakuhitaji kwenda mazoezini. Jumatatu asubuhi alisubiri mwanawe amalize kahawa, akasema bila kuzunguka.

"Jina limemlemea."

"Jina gani?" Wagiman aliuliza.

"Lako. Kwani hapa nani mwingine ana jina?"

Wagiman aliweka kikombe. "Mama. Wagiman nalo ni jina zito? Nilizaliwa siku ya soko ya Wage, ukaniita Wagiman, mambo yakaisha. Mtaa huu ulikuwa na akina Wagiman watano! Mmoja mkamua ng'ombe, mmoja mwizi wa baiskeli."

"Nilipokupa lilikuwa jepesi. Wewe ndiye uliyelijaza. Ukalijaza mabao, ukalijaza makombe, juu yake ukatia na kiburi, halafu ukambebesha mtoto mchanga wa siku tano."

"Nilimpa urithi wangu."

"Urithi! Toka lini sisi tunarithishana majina? Baba yako Kasdi, babu yako Tosemito, wewe Wagiman. Kila mtu kazikwa na lake. Nani kakwambia jina linagawiwa kama shamba? Umeona kwa Wazungu kwenye Kombe la Dunia, ukaiga."

Rumiyati aligeukia jiko asionekane anacheka. Lakini kicheko hakikudumu. Seno alikuwa amelala kwenye kochi, mguu juu ya mto, macho kwenye simu, na uso wake haukusogea hata kidogo, kana kwamba wanaongelewa watu wa nyumba ya jirani. Rumiyati alijua anachosoma. Alishakisoma jana yake, akajuta. *Wagiman feki. Mfuko wa baba. Jezi inacheza kuliko aliyeivaa.*

Mbah akaeleza dawa, ingawa hakuna pale asiyeijua. Upikwe uji, mweupe na mwekundu. Waitwe majirani, aitwe imamu. Baba amvue mtoto jina kwa kinywa chake na amvike jipya mbele za watu, jina la kawaida, jepesi, mtu anaweza kwenda nalo sokoni. Mtoto wa jirani yao Parjo alikuwa anakonda kila mwaka, akabadilishwa jina, leo ana watoto watatu na tumbo.

"Kwa hiyo mimi ndiye ugonjwa," Wagiman alisema. Sasa hakuwa anatania. "Jina langu ni homa, lipikiwe uji lishuke."

"Sikusema hivyo, Man."

"Umesema hivyohivyo." Akasimama, akaenda dukani kwake kwa mbele, na wote wakamsikia akiburuta magunia ya chakula cha kuku ambayo hayakuhitaji kuhamishwa.

*

Jumatano wakaitwa ofisini klabuni, baba na mama. Seno akaambiwa apumzishe mguu.

Meneja, Bwana Gunadi, aliwapokea mlangoni kwa mikono miwili. Akaomba picha na Mzee Wagiman. Akaomba nyingine, katibu wake naye aingie. Katibu akampa Rumiyati simu awapige, kwa hiyo yeye akawa mpiga picha. Alizoea. Miaka ishirini na tatu ya ndoa, ana picha za mume wake na nusu ya watu wa Jawa Mashariki, zote kazipiga yeye.

Mkataba ulikuwa mezani, wa msimu mmoja zaidi. Wagiman alipouona mabega yake yakashuka kwa nafuu, na Rumiyati akamwonea huruma, maana alijua usiku mzima hakulala.

"Goti lisiwatie wasiwasi," Bwana Gunadi alisema. "Atapona taratibu. Hata benchi akikaa, akaingia dakika kumi za mwisho, inatosha. Watu wanataka kumwona."

"Nilifikiri mtamtoa," Wagiman alisema. Akacheka, na katika kucheka ulimi ukateleza. "Nyumbani kuna vituko huko. Mama yangu anasema jina limemlemea mtoto. Anataka tumpikie uji abadilishwe!"

Katibu akacheka. Bwana Gunadi akatabasamu nusu, tabasamu likaishia njiani.

"Jina lisiguswe lakini, Mzee."

"Aa, ni maneno ya vikongwe tu."

"Naelewa. Mimi mwenyewe bibi yangu yuko hivyohivyo. Ila jina lisiguswe. Limeandikwa humu." Akaweka kidole kwenye ukurasa wa pili.

Rumiyati akasogea mbele ya kiti.

"Samahani, Bwana. Angekuwa anaitwa jina lingine. Seno tu, wa baba mwingine. Mngemchukua?"

"Mama Seno," mumewe akamnong'oneza.

"Nauliza tu. Si ni mtoto wangu?"

Bwana Gunadi alimtazama Wagiman, kama mtu anayeomba ruhusa, na Wagiman hakuitoa wala hakuikataa.

"Mama, tuambizane ukweli," alisema, tena kwa upole, na upole wenyewe ndio uliouma. "Mawinga ninao wanne. Wote wazima wa magoti. Jezi ya Wagiman inauzwa na wale wazee waliomwona baba yake, wanawanunulia wajukuu. Mtoto tunampenda, ni mtoto mzuri, ana heshima. Lakini bila jina, hapana. Singemchukua."

Wagiman alikuwa anaitazama meza. Mtu aliyewahi kupigiwa makofi na uwanja mzima mpaka akalia, alisikia vile kuwa mwanawe yuko pale kwa ajili ya kuuza fulana. Akachukua mkataba, akaukunja, akautia mfuko wa shati. Akaaga vizuri, kwa heshima zote.

Nje, kwenye pikipiki, hakuwasha injini.

"Usimwambie," alisema.

"Atasaini bila kujua?"

"Atasaini, atacheza. Goti litapona, atawaziba midomo. Ukimwambia utamuua."

"Na nisipomwambia?"

Wagiman akavaa helmeti. "Nimesema usimwambie, Rum." Alikuwa hamwiti kwa jina lake ila mambo yakiwa mabaya sana.

*

Alinyamaza siku moja. Hakuweza ya pili.

Ijumaa alfajiri Seno alikuja jikoni, anachechemea, akamkuta anatwanga karanga za mchuzi. Akaketi kwenye kigoda, akauliza kama mkataba umeshakuja, maana baba yake kila akimwuliza anaanza kuongelea bei ya mahindi.

Rumiyati aliendelea kutwanga. Alitwanga mpaka karanga zikatoa mafuta. Kisha akaacha mchi, akamwambia yote, neno kwa neno, mpaka lile la mawinga wanne. Hakupamba wala hakupunguza. Alipomaliza akafuta mikono kwa kitambaa.

Seno hakufa. Aliitikia kwa kichwa, kidogo tu.

"Nilijua, Mama."

"Ulijua nini?"

"Siku ya kwanza naenda kujaribiwa, nikakuta jezi yangu imeshachapwa. Iko kwenye kiti, imekunjwa vizuri, WAGIMAN. Wakati huo hawajaniona nikigusa mpira." Akacheka, machozi yakamtoka hapohapo. "Kila nikiivaa nasikia watu wote uwanjani wananishika mgongo. Goti linaniuma kweli, Mama. Wallahi sijifanyishi."

"Najua hujifanyishi."

"Kuna timu kule Tulungagung, ya daraja la chini. Bintang Ngrowo. Yule kocha alinipigia mara mbili. Anataka winga, hana habari na baba." Akafuta uso kwa kiwiko. "Nataka uji wa Mbah. Lakini nani atamwambia Baba?"

"Wewe."

"Mama!"

"Wewe mwenyewe, mwanangu. Hili siwezi kukusaidia."

Alimsikia kupitia ukuta wa mbao. Wagiman alikuwa dukani anachanganya pumba na mahindi yaliyosagwa, koleo linakwaruza saruji. Seno alianza mara tatu, akashindwa mara mbili.

"Baba, jina lako ni zuri. Mimi siliwezi."

Koleo likasimama.

"Mama yako kakwambia."

"Nilijua kabla yake."

"Watu wanalililia jina hili, Seno. Watu wasio ndugu zangu wamewaita watoto wao Wagiman. Wewe uliyetoka kwangu unanirudishia?"

"Nakurudishia, Baba. Nimelitunza nilivyoweza. Naona nalichafua."

Rumiyati alisikia koleo likitupwa, pikipiki ikiwaka, na alipofika mlangoni, vumbi tu. Seno alikuwa amesimama katikati ya magunia, analia kimyakimya.

"Niupike au nisiupike?" Mbah aliuliza kutoka ndani.

"Upike," Rumiyati alisema.

*

Majirani walikuja baada ya sala ya alasiri, wanaume kumi na wawili kwenye mikeka, wanawake jikoni. Uji ulikuwa kwenye sahani ndogondogo, nusu mweupe, nusu umetiwa sukari ya mnazi ukawa mwekundu. Imamu alikuwa ameketi chini ya picha ya Wagiman aliyeshika kombe. Seno kando yake, shati jeupe, kichwa chini. Nafasi ya baba ilikuwa tupu.

Wakangoja. Watu wakaongelea mvua, wakaongelea ng'ombe wa Parjo. Wakaanza kutazama saa kwa kificho. Imamu akakohoa na kuuliza kama mjomba anaweza kutamka badala ya baba.

"Hawezi," Mbah akajibu kutoka jikoni. "Aliyefunga ndiye afungue."

Rumiyati alisimama nyuma ya pazia, aibu inamchoma masikio. Alikuwa anafikiria watu wataondokaje, na nani ataanza kuondoka, na kesho sokoni watasemaje. Wagiman Mkubwa kamkimbia mwanawe.

Pikipiki ikasikika. Aliingia na vumbi mpaka kwenye nyusi, akawapa watu mikono mmoja mmoja, akaketi mahali pake. Hakusema alikotoka. Baadaye Rumiyati aliambiwa na muuza tikiti kwamba alikuwa ameketi kwenye jukwaa tupu la uwanja wa klabu tangu asubuhi, peke yake, hajala.

Imamu alianza dua. Ilipofika zamu ya baba, akamwashiria.

Wagiman alifungua mdomo, akaufunga. Watu wakainamisha macho, maana kila mmoja aliona amekwama.

"Mimi nilizaliwa siku ya Wage," alianza. "Mama yangu akaniita Wagiman. Hakufikiri hata dakika moja."

"Nilifikiri!" Mbah akapaza sauti jikoni. "Nilikuwa na njaa tu!"

Mikeka yote ikacheka. Hata Seno aliinua kichwa. Wagiman naye alicheka, na kicheko kikamsaidia kupita pale alipokuwa amekwama.

"Basi. Jina hili nililiokota tu, nikalifanyia kazi. Nikadhani nikimpa mwanangu nimempunguzia kazi." Akamgeukia Seno, akamwekea kiganja kichwani, kama siku ile akiwa wa siku tano. "Nimekuonea, mwanangu. Nalichukua langu. Kuanzia leo wewe ni Seno Waras, Seno mzima. Uwe mzima wa mwili, uwe mzima wa akili. Mengine utayatafuta mwenyewe."

"Amina," watu wakaitikia.

Wagiman akavuta sahani ya uji, akala kijiko cha kwanza, kisha cha pili, haraka haraka, machozi yanaingia mdomoni pamoja na uji. Hakuna aliyemtazama. Jumatatu yake aliurudisha mkataba wa Elang Brantas ukiwa haujasainiwa. Safari hiyo Bwana Gunadi hakuomba picha.

*

Uwanja wa Bintang Ngrowo hauna jukwaa. Una ukuta upande mmoja, kamba pande tatu, na jua la kutosha wote. Rumiyati alisimama kwenye kamba na mwavuli. Wagiman alisimama hatua mbili nyuma yake, helmeti kichwani, kioo kimeshushwa. Akiivua tu, watu watamjua, wataomba picha, watauliza mtoto yupi. Kwa hiyo alikuwa anapikika humo ndani tangu kipenga cha kwanza.

Watu kama mia mbili. Jezi ya Seno ilikuwa imechapwa kwenye duka la fulana la mtaani, herufi ya mwisho imepinda: WARAS. Alikuwa anakimbia. Dakika ya themanini sasa, na bado anakimbia, goti lile lile.

Ndipo akapewa pasi safi, yeye na kipa, kipa kashaanguka, goli liko wazi kama mlango wa msikiti. Seno akaupaisha. Mpira ukaruka ukuta, ukaenda kuangukia shamba la miwa.

"Aaah!" Bwana mmoja mnene, karibu na Rumiyati, akatupa kofia chini. "Waras gani wewe? Kichaa mkubwa! Wewe ni kichaa, Waras! Mkapime akili huyo!"

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Kichaa Waras!", na upande mzima wa kamba ukapokea. Kule uwanjani Seno aliinua uso, akawatazama waliomtukana, akainua mkono kuomba radhi, na akarudi mbio kwenye nafasi yake.

Rumiyati alikuwa ameshafunga mwavuli. Akamgeukia yule bwana nao mkononi.

"We baba, unamwita nani kichaa? Unajua ni mtoto wa..."

Mkono ukamshika bega kwa nyuma.

"Muache, Mama Seno," Wagiman alisema ndani ya helmeti. Sauti ilikuwa nzito, na kioo kilikuwa na ukungu hata macho yake hayaonekani. "Muache amtukane. Hilo tusi ni lake mwenyewe."